Jua Mgongoni, Mlima Nyuma Yao

Kaka yangu alirudi kutoka vitani na koti zito la jeshi na kamera ya kisanduku. Koti alilivaa mpaka likachanika mabega. Kamera aliiweka chini ya kitanda, ndani ya kopo la biskuti, na hakuigusa tena. Siku nilipopangiwa kwenda kufundisha Arusha alilitoa kopo lile, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akanipa. Nilimuuliza kwa nini haitaki. Akasema picha alizo nazo kichwani zinamtosha, na kwamba mimi, kwa vile tangu mtoto napenda kuwaambia watu wakae wapi na wasimame vipi, nitaifaidi kuliko yeye. Aliweka sharti moja tu: nisimwazime mtu yeyote, hata akiwa mchungaji.

Hivyo nikaondoka Machame na cheti cha ualimu, sanduku la bati na kopo la biskuti, nikafikia Kaloleni kwa shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa mjane, na alikuwa na chumba na baraza ambapo alishona nguo kwa cherehani ya mkono. Shuleni, upande wa Sokon, nilikabidhiwa darasa la kwanza, watoto wengi kuliko madawati. Kutwa nzima ilikuwa kaa chini, nyamaza, futa kamasi. Lakini Jumapili baada ya ibada nilikuwa mtu huru, na mtu huru mwenye kamera hakai barazani kutazama wapita njia.

Kamera yenyewe haikuwa na la kujivunia. Unakibana kisanduku tumboni, unainama na kuchungulia kidirisha kilicho juu yake, na humo unawaona watu wadogo kama punje za maharage, aliye kulia yuko kushoto. Unazuia pumzi, unabonyeza kijiti, basi. Mkanda mmoja ulitoa picha nane tu. Mkanda wangu wa kwanza niliupeleka kusafishwa kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la picha karibu na soko. Nilipokwenda kuuchukua alinikabidhi bahasha kwa huruma, kama mtu anayetoa pole ya msiba. Nusu ya picha zilikuwa giza tupu. Nyingine zilikuwa na kidole changu gumba, kimetoka vizuri sana.

"Mwalimu," akaniambia, "jua mgongoni kwako, usoni kwao. Siku zote."

Nililishika neno lile kama amri ya kumi na moja, nikalitii hata pale nilipopaswa kutumia akili.

Kijana wangu nilimpata kwa njia ya jua hilo hilo. Alikuwa Mmeru, akifanya kazi katika kitalu cha miche huko Olmotonyi, na siku moja alikuja shuleni kwetu na lori la miche ya kupanda kuzunguka uwanja. Nilimtaka asimame na mche mkononi nimpige picha. Akasimama amelipa jua mgongo. Nikamwambia ageuke, akageuka. Nikamwambia asogee kushoto, asogee tena, ainue mche, aushushe, avue kofia, avae kofia. Alifanya yote bila kuuliza kwa nini, huku akitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Usiku ule nilimwambia shangazi kwamba mwanamume anayegeuzwa bila kubisha si wa kuachwa apite. Shangazi akasema atakuja kumwona mwenyewe kwanza.

Na kweli alikuja. Tangu siku hiyo hakukuwa na matembezi ya Jumapili bila shangazi. Hakupenda kutembea, hakupenda vichaka, na kwa maoni yake maji ya kutazama tu bila kufulia nguo yalikuwa kazi bure. Lakini kuniacha niende porini na kijana wa watu? Labda afe. Alikuja na kikapu cha chapati na chupa ya chai, na malalamiko yake yalianza tulipovuka daraja la kwanza.

"Uchumba wa siku hizi ni kuzurura tu," alikuwa akisema, "kama mbuzi waliokata kamba."

Tulikwenda Ziwa Duluti, lile ziwa la duara lililozama msituni karibu na Tengeru. Watu walisema halina chini. Shangazi aliposikia hivyo alikataa katakata kusogea ukingoni, akatandika kanga mahali palipo salama, na mahali palipo salama pakawa katikati kabisa ya picha yangu. Nilimwomba asogee. Akaniambia yeye amekuja kukaa, hakuja kupangwa. Nina picha hiyo mpaka leo: ziwa ni kimstari chembamba nyuma ya mabega ya shangazi, na kijana wangu ni sikio moja linalochungulia upande wa kulia.

Kwenye maporomoko ya Mto Themi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mvua zilikuwa zimetoka kunyesha na mawe yalikuwa yanateleza. Shangazi alisimama na viatu vyake vya kanisani mbele ya maji yanayofika kwenye magoti, akatangaza kwamba safari yake imeishia hapo, na kwa kuwa yake imeishia hapo na yetu pia imeishia hapo. Kijana wangu alikunja suruali, akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo. Shangazi akatazama mto, akanitazama mimi, akakitazama kile kikapu cha chapati kilichokuwa tayari ng'ambo. Mwisho akapanda. Nilikuwa nimeshabana kamera tumboni na jua lilikuwa mahali pake, na ningepata picha ya maisha yangu kama nisingecheka. Ilitoka imetikisika. Mto umetulia vizuri, lakini shangazi ana vichwa viwili na vyote vinapiga kelele.

Tangu siku hiyo, ajabu, hakumsema vibaya tena. Tulipokwenda Olmotonyi kukiona kitalu alitembea mwenyewe mpaka mwisho wa matuta, akisikiliza majina ya miti na kuuliza ni upi unaotoa mbao nzuri za kabati. Mimi nilimaliza nusu ya mkanda nikipiga picha za miche, kwa sababu aliyeipanda alikuwa yeye, na mtu akipenda hupungukiwa na akili. Picha ziliporudi shangazi alizitazama kwa muda, akauliza kwa nini nimepiga picha za mchicha.

Basi ndivyo zilivyokuwa Jumapili zetu. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kulisema. Picha zilijaa kopo lile la biskuti: shangazi na ziwa, shangazi na mnara wa kanisa, shangazi chini ya mijakaranda ya barabara za Wazungu akiwa amekunja uso kwa sababu tulimkataza kuokota maua. Kijana wangu alikuwemo, mara mkono, mara kofia. Mimi sikuwemo hata katika moja. Sikuliona hilo kama upungufu. Mpiga picha kazi yake ni kuwa nyuma ya kisanduku.

Ulipofika wakati wa kijana wangu kuwaeleza wazazi wake, mambo yalikaza kidogo. Kwao kulikuwa Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru upande wa mawio, katika kihamba, shamba la ukoo la kahawa na migomba. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kofia pana asiyoivua ila kwa sala. Hakuwa na ubaya na mimi, alisema. Lakini Mchagga, tena mwalimu, tena mwenye kuzunguka na kamera, atakubali kweli kuwa mtu wa Poli? Au atamchukua kijana aende naye Machame, naye mzee abaki akiwahesabu wajukuu kwa kusikia tu? Mpaka aridhike, asali ya posa, ile wanayopeleka Wameru kwa wazazi wa binti, haitatoka nyumbani kwake.

Kwa desturi, binti haendi kujionyesha kwa watu ambao bado hawajaleta posa. Kwa hiyo tulikwenda Poli kama mpiga picha na msindikizaji wake. Mzee alikuwa amesema angependa kupata picha ya familia, ionyeshe watu wake wakiwa kwao, nami ndiye niliyekuwa na kamera. Kila mtu alijua sababu ya kweli na kila mtu alijifanya hajui. Tulipanda basi la Moshi baada ya ibada, tukashuka njiani, tukapandisha kwa miguu kati ya migomba. Shangazi alivaa gauni lake la Pasaka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na chombo?"

"Nimekuja nacho."

"Basi karibuni. Kwanza kula."

Tulikula ndizi na nyama, tukanywa maziwa, na mama mwenye nyumba akanitazama mikono yangu nilipokuwa nikiosha vyombo, maana nilisisitiza kuosha. Kimachame changu na Kimeru chao vinakaribiana kiasi kwamba tuliweza kutaniana bila mkalimani, na hilo lilinipa moyo. Tulipotoka nje kupiga picha jioni ilikuwa inakuja. Jua lilikuwa limeshavuka upande wa mlima, na Mlima Meru wenyewe, nyuma ya nyumba, ulikuwa umejifunika wingu tangu asubuhi, kama kawaida yake.

Nikafanya nilivyofundishwa. Jua mgongoni kwangu, usoni kwao. Nikachukua vigoda, nikavipanga ukingoni mwa uwanja, mahali ambapo migomba inakwisha na ardhi inateremka kuelekea bondeni. Nikawakalisha: mzee katikati, mama kando yake, kijana wangu na ndugu zake nyuma. Niliwageuza, nikawasogeza, nikawaambia wainue nyuso. Nilipoinama kuchungulia kidirisha, moyo ulinilipuka. Bondeni kulikuwa kumepambazuka upya. Mvua ya siku zile ilikuwa imeosha hewa, na kule mbali, juu ya vichwa vyao, kilele cha Kibo kilikuwa kimetoka cheupe pe, bila wingu hata moja, kikipokea jua lile la jioni. Mlima wa kwetu! Nilipiga magoti chini na gauni langu la kanisani ili kiinuke vizuri juu ya kofia ya mzee. Nikazuia pumzi. Sijawahi kuwa na uhakika na picha kama nilivyokuwa na uhakika na ile.

Na haikunidanganya. Mhindi mwenyewe aliiweka juu ya meza akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii sasa ni picha, mwalimu." Nilitaka kumkumbatia. Aliikuza, nikaitia kwenye karatasi ya khaki, na Jumapili iliyofuata nikaipeleka Poli nikitembea kama mtu aliyebeba asali yenyewe.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akampa mkewe. Mkewe akaitazama akampa mwanawe mkubwa, na ikazunguka uwanja mzima mpaka ikamrudia mzee.

"Tumetoka vizuri," akasema.

"Asante, mzee."

"Nguo zinaonekana. Hata vifungo vinaonekana." Akaivuta karibu na macho. "Lakini sisi hapa tuko wapi?"

"Hapa hapa, mzee. Pale ukingoni."

"Mimi naona Kilimanjaro."

Ndipo nilipoona. Nasema kweli, ndipo nilipoona. Nilikuwa nimeupa mgongo mlima wao, ukabaki nje ya picha, nikawaweka chini ya mlima wa kwetu, nikapiga magoti katika tope ili uonekane mkubwa.

"Mwanangu," mzee akamwambia kijana wangu, "ulisema tupeleke asali Machame."

"Ndiyo, baba."

"Ya nini? Tumeshafika. Tazama, tumekaa kwao na vigoda vyetu." Wengine walicheka, na hata yeye midomo ilimcheza, lakini akanigeukia na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Mwalimu, hatujakuchukua bado, nawe umeshatuchukua sote ukatupeleka kwenu. Miaka hii watu wetu wamehamishwa kwa nguvu kutoka kule ng'ambo ya mlima, mashamba yao wakapewa Wazungu. Mtu akiiona picha hii atasema hata hawa si wa hapa. Nilitaka picha ya kuonyesha kwamba ni wa hapa."

Nilisema nitapiga nyingine. Akasema sawa, nipige nyingine, na habari za asali tutazizungumza picha ikipatikana. Kisha, kama aliyekumbuka kitu, akaitazama tena.

"Na wewe uko wapi humu?"

"Mimi ndiye niliyepiga."

"Kwa hiyo wewe humo."

"Mpiga picha hawezi kuwemo, mzee."

"Haya," akasema, na akaiweka picha ndani ya Biblia yake.

Kumbe kuupiga picha Mlima Meru si kama kupiga picha ya shangazi, ambaye hata umkimbie atakuwemo. Jumapili iliyofuata tulifika, familia ikavaa, ikatoka, ikageukia upande mwingine kwa mara ya kwanza. Nyuma yao palikuwa na ukuta wa wingu. Tuliusubiri mpaka chai ikaisha. Jumapili ya pili lilikuwa wingu lile lile. Ya tatu ulichungulia bega moja, nikaruka kutafuta kamera, na kabla sijainama ulikuwa umeshavuta shuka. Mzee alianza kufurahia mchezo ule.

"Haujakuzoea," akaniambia. "Mlima huu una haya mbele ya wageni."

Mama ndiye aliyesema jambo ambalo wote tulilijua. Mlima ule huwa wazi alfajiri, jua linapochomoza na kuupiga usoni. Ikifika saa nne umeshajifunika, na basi letu linafika saa sita. "Kwa nini asilale hapa aamke nao?" akasema, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Shangazi alikohoa kikohozi ambacho kingeweza kusikika Kaloleni. Binti asiyeposwa alale kwa watu wa mchumba wake! Kila mtu alianza kutazama kitu kingine: mwingine mgomba, mwingine kuku. Nami nikaiona hali yangu ilivyo. Bila kulala Poli sipati mlima. Bila mlima asali haitoki. Bila asali kwenda Machame, silali Poli. Nilikuwa nimefungwa pande zote, na kijana wangu alikuwa amesimama pale ameshika kofia, ananitazama kama siku ile ya mche, anasubiri kuambiwa ageukie wapi. Nilimpenda sana wakati ule, na hasira zikanipanda. Mimi nikikasirika sichagui.

"Basi, mzee, piga mwenyewe!" nikasema, nikaisukuma kamera kifuani pake.

Shangazi alitaja jina la Mungu. Hakuna aliyewahi kumsukumia mzee yule kitu kifuani. Lakini yeye aliishika, akaigeuza, akachungulia upande usiokuwa na kidirisha, akasema, "Nifundishe."

Nikamfundisha kama ninavyofundisha darasa la kwanza, yaani kwa ukali. Kibane tumboni. Inama. Tazama kidirisha. Aliye kulia utamwona kushoto, usishangae. Mkanda ulikuwa umebaki picha mbili, kwa hiyo asicheze. Zuia pumzi. Mzee alivuta pumzi, akavimba mashavu, akakaa hivyo mpaka macho yakamtoka, na mkewe akaanguka kwa kicheko hadi akashika nguzo ya nyumba. "Na jua?" akauliza alipopumua. Nikamwambia: mgongoni kwako, usoni kwao. Siku zote. "Na watu," nikaongeza, "wakae karibu karibu. Usiache pengo. Pengo linaharibu picha."

"Pengo linaharibu picha," akarudia.

Kwenye basi nilianza kujuta. Sharti la kaka nilikuwa nimelivunja kwa mtu ambaye si mchungaji lakini ni mzee wa kanisa, ambayo ni karibu sawa. Shangazi alisema nimeipoteza kamera na mume kwa mkupuo mmoja, na kwamba kwa upande wake alikuwa ameanza kumzoea kijana yule, hasa mgongo wake. Wiki ile niliwafundisha watoto kuhesabu nikiwa sijui ninachohesabu. Nilikuwa nawaza: kama mzee hataki, hiyo ndiyo njia yake nzuri ya kusema. Atasema picha haikutoka, na mambo yataishia hapo kwa amani.

Kijana wangu alikuja Kaloleni Jumapili iliyofuata na kamera imefungwa kwenye kitambaa cha meza. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema mlima ulitoka wote. Nilimuuliza zaidi, akasema baba amemkataza kusema. Nilimgeuza kwa maneno, nikamsogeza, nikamtishia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakugeuka.

Jumatatu niliupeleka mkanda kwa Mhindi. Alipozitoa picha zile mbili nilizichukua mpaka mlangoni penye mwanga. Ya kwanza ilikuwa mlima peke yake, mzima, hakuna mtu hata mmoja isipokuwa ncha za kofia chini kabisa. Nilicheka. Kisha nikatazama ya pili.

Mlima Meru ulikuwa umesimama wazi nyuma ya nyumba, kila korongo linaonekana. Chini yake familia yote imekaa kwenye vigoda, macho yameminywa kwa jua la asubuhi. Mzee hayumo, kwa kuwa ndiye aliyepiga, lakini jua lilikuwa mgongoni kwake kama nilivyomfundisha, na kivuli chake kirefu chenye kofia pana kilikuwa kimelala uwanjani mbele ya watu wake. Ilikuwa picha nzuri. Iliniuma kidogo, jinsi ilivyokuwa nzuri. Na ilikuwa na kosa moja la wazi. Kati ya mama na kijana wangu palikuwa na pengo, na katikati ya pengo kigoda kitupu. Kivuli cha kofia ya mzee kilikuwa kimeangukia hapo hapo.

Nilimwonyesha shangazi, nikamwambia ona, nilimwonya. Shangazi aliishika picha ile muda mrefu kuliko alivyowahi kushika picha yoyote ambayo yeye hayumo. Akanirudishia, akaenda kwenye cherehani yake, akaanza kushona kwa kasi, na sikuelewa kwa nini alikuwa anapenga kamasi.

Tulikwenda Poli. Mzee alikuwa akinisubiri uwanjani. Nilimpa picha, akautazama mlima kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimejiandaa kumsifu, na nikamsifu. Lakini mwalimu ni mwalimu tu.

"Isipokuwa hapa, mzee," nikasema, nikaweka kidole. "Umeacha pengo. Ulipaswa kuwaambia wasogeleane, na hicho kigoda kiondolewe."

"Waliniambia hivyo hivyo," akasema. "Walitaka kukiondoa. Nikawakataza."

"Kwa nini?"

Alivua kofia. Nilitazama huku na huku nikidhani tunaanza sala.

"Uliniambia mpiga picha hawezi kuwemo," akasema. "Basi safari hii nimepiga mimi, ili wewe uwemo. Hicho si kitupu, mwanangu. Kina mtu, ila hajafika."

Nililia mbele ya watu wote, na shangazi akalia kwa sauti kunishinda, kwa kuwa hapendi kuachwa nyuma. Asali ilikwenda Machame kabla ya mvua za vuli. Kaka yangu alipoisikia habari ya kamera alisema mzee wa kanisa hakuwemo kwenye sharti, akaimba njia nzima kuja harusini. Picha zile mbili za familia zinaning'inia sebuleni kwangu bega kwa bega, ya Kibo na ya Meru, na nyumba yenyewe imejengwa Poli, mahali vigoda vilipokuwa. Wajukuu wanapoitazama ile ya pili huniuliza mbona bibi hayumo. Nawaambia watazame vizuri, kisha nawaonyesha mahali nilipokaa.